Nilimnyima mama simu akalala stendi na mtoto. Wakuu, mnamsaidiaje mtu msiyemjua?

Wakala wa Mbezi:
Wakuu, salaam. Nina kibanda cha uwakala jirani na Kituo cha Magufuli, Mbezi. Jumanne saa mbili usiku nafunga hesabu, akaja mama na mtoto mgongoni, wa kama mwaka na nusu. Kitenge kimelowa mvua. Kasema katoka kliniki, pochi na simu vimechomolewa kwenye daladala, anataka kurudi Manyoni. Hakuniomba hela. Aliomba nimpigie kaka yake, namba anayo kichwani, kaka atume nauli kwangu nami nimpe.

Mwezi wa tatu nililizwa 85,000 kwa stori kama hiyo hiyo, kwa meseji feki ya muamala. Nikamwambia, "Mama, simu haina chaji." Simu ilikuwa mkononi, inawaka. Akaiangalia, akaniangalia mimi, akasema "asante baba", akaondoka.

Asubuhi namkuta kwa mama ntilie anayepika mbele yangu. Walilala stendi. Mama ntilie kawapa chai na chapati, kapiga ile namba, kaka kapokea mlio wa pili. Saa tatu walishapanda basi.

Ile "asante baba" haijanitoka. Naomba ushauri wa vitendo. Hapa wanakuja kila siku, wa kweli na matapeli. Mnasaidiaje bila kulizwa?

Konda wa Kanda ya Kati:
Mkuu, miaka tisa niko mlangoni. Kumjua tapeli kwa sura, sahau, nimekosea mara nyingi. Nauli usimpe mkononi. Mwambie "twende tukakate tiketi", liandikwe jina lake, mpandishe. Mwenye safari atakufuata na mzigo wake. Tapeli atakazania hela, au atasema kuna ndugu anamsubiri nje ya geti. Na kama huna nauli nzima, tuulize. Kiti kikibaki huwa tunaongea na dereva, mtu anafika.

Dada wa Msamvu:
Mimi nilishakuwa huyo mama. 2016, Morogoro, mimba ya miezi saba, nimeibiwa kila kitu. Watu waliniambia pole huku wanatembea. Kijana muuza maji alinipa chupa, akapindua ndoo yake nikaikalia. Nilikaa pale kama saa nzima mpaka mume wangu akapatikana hewani. Kwa hiyo ndugu yangu, usidhani lazima utoe nauli. Pa kukaa, maji, mia tatu ya choo. Akili inarudi, mtu anaanza kukumbuka hata namba za simu.

Wakala Mwenzio:
Hiyo ya simu ni nyepesi. Piga wewe, weka sauti kubwa, isitoke mkononi mwako. Kaka akituma, achana na meseji, angalia salio. Limepanda, toa hela. Halijapanda, asubiri.

Mzee wa Kiluvya:
Mnamlaumu bure kijana. 85,000 ni mtaji wa mtu. Huyo mama angeenda polisi.

Dada wa Msamvu:
Mzee wangu, shikamoo. Usiku, mvua, mtoto mgongoni, mji haujui. Hata kituo cha polisi hajui kiko upande gani. Basi angalau ampeleke.

Afisa Ustawi:
Niongeze la watoto. Ukikuta mtoto peke yake, usiende naye kwako hata kwa nia njema, na picha yake usiirushe mtandaoni. Piga 116, namba ya kusaidia watoto, ni bure, usiku na mchana. Au mpeleke dawati la jinsia na watoto polisi.

Wakala wa Mbezi:
Nimewasoma wote, asanteni. Leo nimechukua ile namba kwa mama ntilie nikapiga. Walifika salama, mtoto ana mafua tu. Nikamweleza kaka yake ukweli wa ile chaji, nikaomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atamfikishia dada yake. Nimeweka stuli mbele ya kibanda, na 116 nimeiandika kwa maka peni chini ya bei za vocha. Konda, gari lenu linatoka saa ngapi?

Konda wa Kanda ya Kati:
Kumi na mbili kamili asubuhi. Ukiwa na mtu mlete kumi na moja na nusu, kabla sijafunga buti.