Majengo ya zamani ya Uhindini na kando ya reli Dodoma: yageuzwe apatimenti za kifahari?

Mkazi_wa_Makole
Mbukwenyi wakuu. Kuna picha zinazunguka kwenye simu, ghala la kizamani huko New York limegeuzwa makazi. Ukumbi mmoja mrefu bila kuta za katikati, dari juu kama kanisa, nguzo za chuma, matofali yameachwa bila plasta. Wanaita lofti. Bei sitaji, humu kuna wenye presha. Sasa sisi Dodoma tuna majengo kando ya reli ya zamani na yale ya Uhindini, mengine yamebaki magofu. Badala ya kuvunja na kupandisha vioo, kwa nini yasikarabatiwe namna hiyo yakawa makazi ya wenye uwezo? Watumishi wamehamia, SGR ipo tangu 2024, wateja hawakosekani. Naomba hoja, siyo matusi.

Fundi_Sanifu
Hoja ipo, ila hizo lofti hazikuanza na wenye uwezo. Pale SoHo viwanda vilihama, yakabaki maghala ya karne ya 19 yenye madirisha makubwa, wasanii wakaingia kuishi kinyemela miaka ya 60 kwa sababu kodi ilikuwa chee. Jiji lilikuja kuwaruhusu 1971. Matajiri walifika mwishoni, kazi imeshafanywa na wengine. Ninyi mnataka kuanzia kwa tajiri.
Halafu dirisha la ukubwa ule kwa jua la Dodoma la mwezi wa kumi? Luku itakula mshahara. Waliojenga zamani waliweka kuta nene na baraza kwa sababu. Na ukivunja kuta za ndani ili upate huo ukumbi, umevunja kilekile unachosema unakihifadhi.

Bandari_Salama
Mnajichosha bure. Dodoma kuna jengo gani la kihistoria? Stesheni na hoteli ya reli, basi. Historia ya majengo iko Kilwa, Bagamoyo, Unguja. Huko kwenu kabla ya reli kufika 1914 kulikuwa na vichuguu tu, mtu na ng'ombe wake chumba kimoja. Hiyo ndiyo lofti yenu, nayo haina kuta za katikati, hahaha.

Mtoto_wa_Mvumi
1914 reli ilifika Kigoma. Dodoma ilifika 1910. Asiyejua treni ilipita lini asitufundishe historia.
Na hicho unachokiita kichuguu ni tembe. Paa bapa la udongo juu ya miti, nyumba inazunguka ua, ng'ombe wanalala uani. Babu yangu kazaliwa humo. Jua likiwa utosini ndani ya tembe unatulia, ndani ya bati lako unavua mpaka fulana. Fundi hapo juu kasifia kuta nene za wageni, za babu zetu hakuziona.

Fundi_Sanifu
Mimi nimeingizwaje? Sijataja tembe kabisa.

Mtoto_wa_Mvumi
Ndiyo maana.

Bandari_Salama
Utani tu mkuu, povu la nini?

Mtoto_wa_Mvumi
Utani una wenyewe. Mhehe akiniambia hivyo nacheka na namdai hela ya soda. Wewe wa pwani mtani wangu umeanza lini?

Mama_Zabibu
Wanangu, mkimaliza ng'ombe mnisikilize. Nina mgahawa Uhindini, nimepanga. Aliyeandika "magofu" apite saa sita mchana aone hayo magofu yanavyopika wali. Chini maduka, juu na nyuma familia zinaishi. Mkikarabati, nitaambiwa nipishe mafundi kidogo. Nikirudi nakuta kodi ya dola.

Hesabu_Kali
Mama, dola ilishapigwa marufuku. Kanuni zilitoka Machi 2025, bei za ndani zote kwa shilingi.

Mama_Zabibu
Mdogo wangu, mwenye nyumba hapigi hesabu ya dola kwa mdomo, anapiga kichwani. Risiti inaandikwa shilingi. Na anataka miezi sita mbele, hilo nalo kanuni imelisema?

Hesabu_Kali
Hilo ni makubaliano.

Mama_Zabibu
Makubaliano na nani? Ameshika ufunguo yeye.

Wakili_wa_Mtaa
Kabla hamjaenda mbali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. La baadaye mpaka Waziri alitangaze. Reli imefika hapa 1910, kwa hiyo fanyeni hesabu: jengo la Uhindini ambalo halikutangazwa, kwa sheria hiyo ni jengo la kawaida. Upande wa kuuza vipande vya ghorofa kuna sheria ya 2008, kila mtu anapata hati ya sehemu yake. Kinachobaki ni kwamba mpangaji wa biashara hana...

Bandari_Salama
Kwa hiyo wakili kakubaliana na mimi. Kabla ya 1863 Dodoma hamna kitu. Kesi imefungwa.

Mtoto_wa_Mvumi
Sheria hiyohiyo inalinda michoro ya miambani. Nenda Kolo, Kondoa, iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006. Mingine ina miaka elfu mbili na zaidi. Hiyo Kilwa yako ilikuwa bado msitu.

Mrangi_Halisi
Leo Kondoa ni yenu? Ahsante kwa kutukumbuka. Barabara tukiidai ni "Kondoa kwao huko", mkibanwa na mtu wa pwani michoro inakuwa ya Dodoma yote.

Mtoto_wa_Mvumi
Kaka, Kondoa ni mkoa wa Dodoma. Au umehama?

Mrangi_Halisi
Mkoa ndiyo, michoro siyo ya Wagogo. Na ukweli mtupu, hata sisi Warangi ile myekundu hatukuichora. Inahusishwa na wawindaji wa kale, Wasandawe wanatajwa zaidi. Wao wamenyamaza, nyie mnagombea.

Mstaafu_wa_Mipango
Vijana, mmegusa tembe mkaikimbia. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulikuwa 1973, mpango wa mji wakachora Wakanada, ukatoka 1976. Ulikuwa mji wa nyumba fupi na watu watembee kwa miguu, minara ya vioo haikuwemo. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na Operesheni Dodoma, 1971. Watu walitolewa kwenye maboma yao yaliyotawanyika wakapangwa vijijini, na tembe ikahesabiwa ni kubaki nyuma. "Nyumba bora" ikawa bati. Leo mnatafuta la kuhifadhi mnaangalia ghala la reli, kwa sababu ndilo lililoachwa limesimama.

Mtoto_wa_Mvumi
Shikamoo mzee. Kwa hiyo ninyi ndio mliotuvunjia?

Mstaafu_wa_Mipango
Marahaba. 1971 nilikuwa darasa la nne, mwanangu. Nilikuwa nabeba nyasi.

Bandari_Salama
Mzee kaongea, mimi nimekaa kimya.

Mrangi_Halisi
Hujakaa kimya, umeandika.

Fundi_Sanifu
Na maji? Hakuna aliyegusa maji. Mji huu miaka yote unaegemea visima vya Mzakwe na mgao tunaujua. Mnapandisha mabafu ghorofa ya pili kwenye jengo lililojengwa kwa choo kimoja cha uani. Matenki yatakaa wapi, juu ya kuta za miaka mia? Beit al-Ajaib pale Unguja iliporomoka Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati, na ile ilikuwa kasri la Sultani, jengo lenye jina. Kuta za zamani hazibebeshwi mzigo kwa kubahatisha.

Bandari_Salama
Beit al-Ajaib usiiguse. Ile ni habari nyingine kabisa, iliharibiwa na...

Mkazi_wa_Makole
Wakuu, wakuu. Mada ni lofti.

Mrangi_Halisi
Mada ni Kondoa.

Mama_Zabibu
Mleta mada, mimi nina swali moja. Una jengo, au unapigia hesabu la mtu?

Mkazi_wa_Makole
Mama, ni mjadala tu. Kuna ndugu yangu analo moja mitaa hiyo, anataka kujua watu wanaonaje.

Mama_Zabibu
La rangi ya kijani, mlango wa chuma?

Mkazi_wa_Makole
Sijasema ni lipi.

Mama_Zabibu
Nilijua tu. Mwambie ndugu yako choo cha uani kimeziba tangu Pasaka na simu hapokei. Azibue hicho kwanza, lofti nitampigia kura.