Je, kanda, santuri na vitabu vya karatasi bado vina maana wakati kila kitu kipo mtandaoni?

Mkaazi_wa_Ngamiani (mwenye mada)

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu juu ya jambo linalotugawa nyumbani. Marehemu baba yetu mdogo ametuachia makabati mawili yaliyojaa kanda za kaseti, santuri chache, pamoja na vitabu vya riwaya na mashairi vilivyochapwa miaka ya 1970 na 1980. Kanda nyingi ni za taarabu ya hapa kwetu Tanga, hasa za vikundi vya Black Star na Lucky Star. Nyingine ni muziki wa dansi aliourekodi mwenyewe kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, na juu ya kila kanda ameandika kwa kalamu jina la bendi na mwezi aliorekodi.

Wanangu wanasema nyimbo hizo zote zipo YouTube, na kwamba makabati yanachukua nafasi ambayo ingetosha kitanda. Nimekaa nao tukatafuta wimbo baada ya wimbo. Baadhi tumezikuta, tena zikiwa na sauti safi kuliko ya kanda. Baadhi tumekuta toleo jingine lililorekodiwa upya miaka ya baadaye. Na baadhi hatukuzipata kabisa, ingawa huenda ni kwa sababu hatujui majina yake sahihi.

Swali langu ni hili: je, kumiliki kitu chenyewe, kinachoshikika mkononi, bado kuna maana leo, au tunatunza vumbi kwa sababu ya mapenzi tu? Na ikiwa kuna maana, nianze na kipi? Ningependa hoja zaidi kuliko faraja.

Wakili_wa_Vitabu

Pole kwa msiba, ndugu yangu. Nianze na upande wa umiliki, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya bila kujua. Unaponunua kitabu cha karatasi au CD, haki ya utunzi hubaki kwa mtunzi, lakini nakala ile inakuwa mali yako: unaweza kuiazima, kuiuza au kuirithisha, kama alivyofanya baba yenu mdogo. Unapobonyeza neno “nunua” katika duka la mtandaoni, mara nyingi unachopewa ni ruhusa ya kutumia kwa masharti, na masharti hayo kwa kawaida hayakuruhusu kumrithisha mtu mwingine akaunti yako. Ni hali ya mpangaji aliyelipa kodi ya miaka mingi akadhani nyumba imekuwa yake.

Jambo hili limekwisha kutokea kweli. Julai 2009, kampuni ya Amazon ilifuta kwa mbali vitabu viwili vya mwandishi George Orwell kutoka katika vifaa vya kusomea vya Kindle vya watu waliokuwa wamekwisha kuvilipia, baada ya kubainika kwamba aliyeviweka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Wasomaji walirudishiwa fedha zao, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi hadharani, lakini mwanafunzi mmoja wa Marekani alifungua kesi kwa sababu maelezo aliyokuwa ameyaandika kwa ajili ya masomo yake yalibaki yakielekeza kwenye kurasa zisizokuwepo tena. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Hapo pia fedha zilirudishwa. Jimbo la California limetunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayoyalazimu maduka ya mtandaoni kumweleza mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Sheria ya namna hiyo haitungwi mahali ambapo watu wanaelewa wanachokinunua.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kuna maana, na vitabu vile vya miaka ya 1970 msivitoe hata kimoja kabla ya kuhakikisha kwamba kimechapwa tena. Riwaya nyingi za Kiswahili za kipindi kile zilichapwa mara moja tu, na hakuna aliyewahi kuziweka kwenye mtandao, si kwa malipo wala bure.

Kijana_wa_Bando

Shikamooni wazee wangu. Ninaheshimu hoja ya Wakili, lakini naomba tuuangalie na upande wa pili, kwa sababu kitu kinachoshikika nacho kinakufa, na kinakufa kimyakimya. Tanga ni pwani. Unyevu wa hewa, ukungu na mchwa havina habari na haki ya umiliki. Kanda iliyofungiwa kabatini kwa miaka 30 bila kuguswa inamsaidia nani? Nyumba ngapi zina redio kaseti inayofanya kazi leo?

Hata wenye uwezo mkubwa wamepoteza. Juni 2008 moto uliteketeza ghala katika eneo la studio za Universal karibu na Los Angeles, na humo ziliungua kanda halisi za kurekodia za wanamuziki wakubwa wa Marekani. Ilikuwa ni mali kamili ya kampuni, imeishika mkononi, na haikuisaidia.

Mimi nimeijua taarabu ya Tanga kupitia simu. Mtu aliyeko Muscat au London leo anaisikia sauti ya Bi Shakila, mwimbaji wa taarabu, kwa sababu mtu fulani alichukua kanda yake, akaihamisha na kuiweka mtandaoni. Angeendelea kuitunza kabatini, mimi nisingemjua yule mama kabisa. Kwa maoni yangu, thamani ya muziki ni kusikika, na anayeuficha kwa jina la kuutunza anaupunguzia maisha.

Fundi_Kinasa

Nimefanya kazi ya kutengeneza redio na vinasa sauti hapa Mombasa kwa muda mrefu, na ningependa kumjibu kijana wetu kwa heshima, maana sehemu kubwa ya aliyoyasema ni kweli. Kanda inakufa. Lakini faili nazo zinakufa, tena kwa mkupuo. Mwaka 2019 mtandao wa MySpace ulitangaza kwamba nyimbo zilizopakiwa humo kati ya mwaka 2003 na 2015 zimepotea wakati wa kuhamisha data, na wanamuziki wengi wachanga hawakuwa na nakala nyingine, kwa sababu waliamini kilichopo mtandaoni kipo salama.

Na huyo Bi Shakila uliyemsikia, mwanangu, ulimsikia kwa sababu kulikuwa na kanda. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Leo tunaisikia sauti yake kwa sababu watu binafsi, wenye majumba ya kawaida na wakusanyaji, hawakuzitupa zile santuri zilipopitwa na wakati, wakati gramafoni zenyewe zilikuwa zimekwisha kutoweka. Anayehamisha lazima amkute aliyetunza.

Sasa nije kwenye kanda zilizorekodiwa kutoka redioni, kwa sababu hizo ndizo zinazonifanya niandike usiku huu. Mwenye mada ameziweka mwisho katika maelezo yake. Mimi ningeziweka mwanzo. Zama zile bendi za Tanzania zilirekodi katika studio ya redio ya taifa, nyimbo zikapigwa hewani, na nyingi hazikutolewa kuwa santuri, kwa kuwa hakukuwa na kiwanda cha santuri nchini na waliotaka kutoa santuri walitegemea Nairobi. Kwa hiyo msikilizaji aliyekaa na kinasa chake akisubiri kipindi huenda ndiye mwenye nakala pekee iliyo nje ya maktaba ya redio. Kanda ya dukani huenda wanayo watu mia. Ile iliyoandikwa kwa mkono wa marehemu anayo yeye peke yake.

Fanya hivi, ndugu. Kwanza vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili mtoto asije akabonyeza kitufe cha kurekodi akafuta kila kitu. Pili, itazame kanda kwenye mwanga kupitia kidirisha chake: ukiona unga mweupe kwenye kingo za mkanda, huo ni ukungu, na usiicheze kwa sababu utauhamishia kwenye hedi ya mashine, yaani sehemu inayosoma mkanda, na kutoka hapo kwenye kanda nyingine zote. Itenge. Tatu, kanda safi iliyokaa muda mrefu izungushe mpaka mwisho na uirudishe mwanzo kabla ya kuicheza, ili mkanda ulioshikamana uachane taratibu. Kaseti nyingi zina kipande kidogo cha sifongo au kitambaa kinachoubana mkanda kwenye hedi. Kikidondoka, sauti inakuwa hafifu na watu hudhani kanda imeharibika, kumbe fundi anakibadilisha kwa dakika chache kwa kutumia kaseti nyingine isiyo na thamani. Ikiwa ganda limefungwa kwa skrubu, kazi ni rahisi. Likiwa limegandishwa kwa gundi, mpe anayejua.

Unapohamisha, rekodi kwa WAV kwanza, faili inayobakiza sauti yote, wala usianze na MP3, inayoipunguza. Kanda ya dakika 90 katika ubora wa CD inachukua takribani megabaiti 900, na diski za leo zinabeba kanda nyingi za ukubwa huo. Weka nakala mbili katika diski mbili, na ya tatu kwenye nyumba nyingine. Halafu, nakuomba sana, usikate sauti ya mtangazaji. Vijana wengi wanaohamisha nyimbo huanza na kumwondoa mtangazaji ili wimbo uwe safi, wakati yeye ndiye anayetaja bendi, mtunzi na pengine mwimbaji. Ukimkata, umebakiza wimbo usio na wenyewe.

Mama_Video_Temeke

Naomba niongeze upande ambao hamjaugusa, wa picha. Niliendesha maktaba ya kukodisha kanda za video hapa Temeke, tukianzia VHS na kumalizia DVD. Filamu zetu za Kibongo zilisambazwa kwa njia hiyo kwa miaka mingi. Wakati Steven Kanumba anafariki, Aprili 2012, watu walikuwa bado wananunua na kukodi diski. Zipo za wakati ule zilizokwisha kuingia mtandaoni, na nashukuru. Lakini nyingi, hasa za waigizaji ambao hawakupata jina kubwa, sizioni popote, na wasambazaji wake wengine wamekwisha kufunga biashara.

Kuna na kazi ambazo hazitaingia kwenye huduma yoyote ya kulipia, daima. Lufufu alitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili, akiweka sauti yake juu ya picha na kuongeza maelezo yake mwenyewe mpaka watu wakawa wanamfuata yeye kuliko filamu. Mwenye haki ya filamu ile hakumruhusu, kwa hiyo hakuna kampuni itakayoiweka kazi ile kwenye orodha yake. Na bado ile ilikuwa sanaa ya kweli ya usimulizi, iliyokusanya watu kwenye mabanda ya video mtaa kwa mtaa. Ipo kwenye VHS na diski za watu, basi.

Diski nazo mziangalie mapema. Zile zilizochomwa nyumbani kwa kompyuta, ambazo upande wa chini una rangi ya samawati au zambarau, huharibika upesi kuliko zile za kiwandani zenye rangi ya fedha, kwa sababu kilichohifadhi data ni rangi inayochujuka kwa joto na mwanga. Msingoje ziwe na mikwaruzo. Zinaweza kuonekana nzima kabisa na zisisomeke.

Mkaazi_wa_Ngamiani (mwenye mada)

Nawashukuru sana. Mke wangu na wanangu wamesoma maelezo ya Fundi, na yule mkubwa amekubali kusimamia kazi ya kuhamisha. Tutaanza na zile za redioni. Limebaki swali moja, nalo nalielekeza kwa Wakili. Mwanangu anataka, baada ya kuhamisha, aziweke YouTube ili wengine wasikie, kama alivyosema Kijana wa Bando. Je, hilo ni halali, ikiwa kanda ni zetu?

Wakili_wa_Vitabu

Kanda ni zenu. Wimbo si wenu. Tanzania Bara ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoianzisha COSOTA, chombo kinachosimamia hakimiliki, na Zanzibar wana sheria yao na chombo chao, COSOZA. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki, na Kenya nao wana muda huohuo, kwa hiyo karibu kila kilichomo katika makabati yenu bado kina mwenyewe au warithi wake. Kujitengenezea nakala ili kanda isiharibike, na kusikiliza nyumbani, ni jambo la faragha ambalo sijaona mtu akiulizwa. Kuweka hadharani ni kuchapisha, na hilo linahitaji idhini.

Ningekushauri hivi. Andikeni orodha kamili: bendi, jina la wimbo, mwezi aliouandika marehemu, na maneno ya mtangazaji. Orodha peke yake mnaweza kuitangaza leo bila kumkosea mtu yeyote, na itawafikia wanaotafuta. Kisha tafuteni wanamuziki walio hai na watoto wa waliofariki. Kwa taarabu ya Tanga hawako mbali nanyi. Wapeni nakala bure kabla ya kuwaomba idhini yoyote. Nimekutana na familia ambazo hazina hata wimbo mmoja wa mzazi wao aliyeimba redioni miaka yote ile, na familia ya namna hiyo ikipelekewa sauti ya baba au mama yao, mazungumzo ya YouTube yanakuwa mepesi. Wakikubali, yawekeni makubaliano kwenye maandishi na mgawane kitakachopatikana. Wakikataa, nakala mtakuwa mmeshawapa, na zenu mnabaki nazo.