Fundi kanikabidhi bwawa jipya la faibaglasi bila kupima maji, sasa lina madoa na anasema kosa langu

Wakuu nina hasira hapa, mtanisamehe nikiandika ovyo. Bwawa halijamaliza hata mwezi na sakafu yote ina madoa ya kahawia, halafu aliyeniwekea ananijibu eti "hujalitunza". Nilitunze vipi wakati maelekezo yake ni haya nayafuata neno kwa neno???

Siku ya kukabidhi aliniachia ndoo ya klorini ya unga, akasema mwaga kikombe kila jioni, maji yakichafuka ongeza. Basi. Hakupima kitu, hakuuliza maji nimetoa wapi, na nimejaza ya kisima, yana chuma kibao. Chuma ikikutana na klorini inageuka kutu humohumo majini na inashuka kukaa kwenye jelikoti (ile ngozi laini ya juu ya faibaglasi). Ilitakiwa ipimwe kabla, itiwe dawa ya kushika madini, ndo klorini ije taratibu. Na ule unga haumwagwi mkavu, unazama unababua rangi pale unapotua, unayeyushwa kwanza kwenye ndoo ya maji (unga ndo unaingia kwenye maji jamani, kinyume chake utaungua uso).

Nikaenda kununua kipimo cha matone mwenyewe. pH (kipimo cha uasidi wa maji) 8.2, alkalini (ile inayozuia pH isiyumbe ovyo) 190! Inatakiwa pH 7.2 mpaka 7.6 na alkalini 80 mpaka 120. Kwa pH ya 8.2 klorini yenye nguvu ya kuua vijidudu haifiki hata robo ya uliyoweka, kwa hiyo nilikuwa naongeza na kuongeza, maji bado yana ukungu, na yeye kwenye simu "ongeza tena boss".

Kalsiamu ndo usiseme, kaniambia niipandishe hadi 400. Hiyo ni ya mabwawa ya zege ambayo maji yakikosa kalsiamu yanakula plasta, faibaglasi ina plasta gani ya kuliwa? Nikipandisha na pH ikiwa juu vile napata chokaa ukutani juu ya madoa niliyonayo.

Sasa jana ndo kanimaliza. Eti toa maji yote tuanze upya. Wakuu, faibaglasi ni bakuli limefukiwa, ukilikausha na maji ya ardhini yako juu linanyanyuka kama mtumbwi au kuta zinabonyea. Hilo hata mimi nisiye fundi nalijua!

Asidi naitia kidogo kidogo pampu ikizunguka, alkalini imeshuka mpaka 130. Doa moja nimelisugua na kidonge cha vitamini C likafifia, so ni chuma kweli. Kwa aliyewahi kutoa madoa bwawa zima kwa vitamini C: klorini niiache ishuke karibu na sifuri kwanza si ndiyo? Na baada ya hapo dawa ya madini niiweke siku hiyohiyo?

Fundi nimemtumia picha zote tangu asubuhi. Tiki za bluu, kimya.