Mrejesho: Hitilafu isiyopungua kwenye ugezi wa vipima mionzi

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini ugezi wetu (kulinganisha usomaji wa chombo na thamani inayojulikana) wa vipima mionzi kwa chanzo cha sesiamu-137, dutu inayotoa mionzi, unatoa jumla ya hitilafu karibu ileile hata tukirudia usomaji mara nyingi. Asanteni sana, hasa mliosema nitenganishe hitilafu za nasibu (zinazobadilika kila usomaji) na zile za kudumu (zinazobaki zilezile), maana ni za nasibu tu zinazogawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya usomaji.

Nimefuata. Kilichonishangaza ni umbali kati ya chanzo na chombo. Mionzi hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo kosa la milimita 2 kwenye sentimita 50 ni 0.4%, lakini kwenye kasi ya dozi (kiasi cha mionzi kwa muda) linakuwa 0.8%. Usome mara mia bila kugusa chombo, hiyo 0.8% ipo palepale. Sasa kila duru tunakiondoa chombo na kukipanga upya. Kosa la upangaji limepungua kweli. La rula yenyewe limebaki.

Marekebisho ya jotoridi na kanieneo ya hewa kwa chemba ya ayoni iliyo wazi (kipima mionzi ambacho hewa yake ya ndani imeungana na ya nje) yamefuta sehemu kubwa ya tofauti ya asubuhi na mchana (nyuzi 1 tu ni karibu 0.3%). Kupungua kwa nguvu ya chanzo, kama 2.3% kwa mwaka, tulikuwa tunakuhesabu tayari.

Kilichogoma ni hitilafu ya cheti cha chanzo, yaani ya thamani ya chanzo iliyoandikwa kwenye cheti chake, na kwetu ndiyo kubwa kuliko zote. Hiyo haipungui hata ukirudia usomaji. Nimeomba chemba rejea (chemba ya kulinganishia vyombo vingine) yenye cheti bora. Bosi bado anasoma bei.