Lita sita za maji na bado misuli inakaza: mwili unadai nini?

Msimamizi_Mtumba:
Wakuu, habari za jua. Kwenye saiti za huku Mtumba, Dodoma, Oktoba hii, vijana wa zege wanaanza saa 1 asubuhi, na ikifika saa 7 mchana mtu amemaliza lita 6 za maji matupu. Mkojo mweupe pee, shati kavu, lakini wapo wanaolalamika kichwa, kichefuchefu na mapaja kukaza. Tuongeze maji? Chumvi sidhani kama imepungua, maana maji yenyewe ni ya kisima na yana ladha ya chumvichumvi.

Figo_na_Jasho:
Mkuu, usiongeze maji. Shati kavu ndilo linalodanganya wengi Dodoma. Hewa ni kavu na upepo haukatiki, kwa hiyo jasho linakauka likiwa bado kwenye ngozi. Angalia shati jeusi jioni: utaona michirizi myeupe kwapani na mgongoni. Hiyo ndiyo chumvi unayoitafuta.

Kila lita ya jasho inayokauka inaondoka na joto la kilokalori 580 hivi, na ndiyo maana mtu anabeba ndoo za zege juani na joto lake la ndani linabaki karibu na nyuzi 37. Lakini lita hiyohiyo inabeba pia gramu 2 hadi 3 za chumvi, wengine zaidi.

Ubongo hauhesabu lita za maji peke yake, unapima pia ukolezi wa damu. Sodiamu, yaani ile sehemu ya chumvi inayopimwa kwenye damu, inatakiwa iwe 135 hadi 145 (milimoli kwa lita). Ukolezi ukipanda kwa asilimia 1 au 2 tu, hipothalamasi (sehemu ya ubongo inayosimamia kiu na joto) inaleta kiu na kuachia ADH, homoni inayozifanya figo zibane mkojo. Ukishuka, ADH inakatwa na maji ya ziada yanatoka. Mkojo mweupe wa vijana wako ni figo zinamwaga maji zisiyoyahitaji.

Piga hesabu ya haraka. Mtu wa kilo 70 ana maji lita 42 hivi mwilini. Akitoa jasho lita 5 na kurudisha maji matupu lita 5, sodiamu inaweza kushuka kutoka 140 hadi karibu 135. Akinywa lita 2 zaidi na figo zikashindwa kuzitoa kwa wakati, anafika 129 au 130. Hapo seli za ubongo zinavimba: kichwa, kichefuchefu, na ikizidi, degedege. Figo zenye afya hutoa lita 1 hivi kwa saa, na kazi ngumu kwenye joto huipunguza hata hiyo.

Dada_wa_Zahanati:
Naongezea kuhusu kisima. Ladha ile inaweza kutokana pia na kalsiamu na magnesiamu, zilezile zinazoacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Usiihesabu yote kama sodiamu.

Saa 4 wapewe chai na chakula chenye chumvi, mchana ugali na mboga iliyoungwa vizuri. Maji ni nusu kikombe kikubwa, mililita 250, kila dakika 15 hadi 20, na yasizidi lita moja na nusu kwa saa. Aliyelowa jasho zaidi ya saa mbili apate lita moja ya ORS, ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Pakiti ikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe juu, visijae kichuguu. Usipunguze sukari ukidhani ni ya utamu tu, kwani utumbo huvuta sodiamu pamoja na glukosi, na maji hufuata. Onja: ikizidi chumvi ya machozi, mwaga. Mwenye presha au ugonjwa wa figo asiongezewe chumvi bila daktari.

Tafuteni na mizani. Kilo 1 iliyopungua ni lita 1 ya jasho isiyorudishwa. Aliyeongezeka uzito mchana amekunywa kupita kiasi.

Msimamizi_Mtumba:
Asante dada. Na mtu akizidiwa na joto akaanza kuongea asiyoyajua, tumpe Panadol kwanza?

Figo_na_Jasho:
Hapana. Homa kama ya malaria hupandisha kiwango cha joto ambacho hipothalamasi inakilinda, na Panadol hukirudisha chini. Kwenye joto la jua kiwango hakijaguswa, ni upoaji ulioshindwa, kwa hiyo dawa haina cha kurekebisha.

Mpelekeni kivulini, mvueni nguo, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea kwa boksi bila kuacha, hata ndani ya gari kuelekea hospitali. Ukavu wa hewa yetu hapo unasaidia. Kama hajitambui, msimpe kitu mdomoni, mlazeni ubavu. Mwambieni daktari amekunywa lita ngapi, asije akawekewa dripu ya glukosi tupu wakati damu tayari imechujuka.

Na wageni wa saiti, siku ya kwanza wafanye sehemu moja ya tano ya kazi, muongeze kila siku. Tezi za jasho huchukua wiki moja hadi mbili kujifunza, kwa amri ya homoni ya aldosteroni, kurudisha chumvi ndani kabla jasho halijatoka.