Ulinganisho: maji yanayochemka, maji ya uvuguvugu, maziwa ya mafuta au dawa ya dukani kwa mtutu wa bunduki ya kale?

Gumegume (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninamiliki kwa kibali bunduki mbili zilizopishana kwa umri na kwa tabia. Ya kwanza ni gobore la fataki (kikombe kidogo chenye kemikali inayolipuka ikigongwa na kuwasha baruti) la muundo wa Enfield wa 1853, linaloshindiliwa baruti nyeusi kupitia mdomo wa mtutu. Ya pili ni Mosin-Nagant, bunduki ya kijeshi ya Urusi ya muundo uliokubaliwa mwaka 1891, ambayo huipigia risasi za zamani za kijeshi, zile ambazo fataki zake zinajulikana kwa kula chuma. Zote mbili hushika kutu upesi zisiposafishwa siku ileile zilipofyatuliwa, na ningependa, ikiwezekana, niwe na utaratibu mmoja kwa zote badala ya miwili.

Njia ninazosikia zikitajwa ni nne, na kila mtetezi, kama mwamba ngoma, huvutia kwake. Kuna wanaomimina maji yanayochemka kwa faneli. Kuna wanaotumia maji ya uvuguvugu na sabuni. Kuna wanaochanganya maji na mafuta yanayokubali maji, mchanganyiko ambao hugeuka mweupe kama maziwa. Na kuna wanaosema hayo yote ni mambo ya mababu, dawa ya dukani ya kusafishia mitutu inatosha. Naomba hoja zenye sababu, si mazoea tu.

Mdeki

Ndugu Gumegume, kabla ya kulinganisha njia ni vyema tujue tunaondoa nini, kwa sababu bunduki zako mbili hazina uchafu mmoja, ingawa zote mwisho wake ni chumvi.

Fataki za kijeshi za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu. Inapolipuka huacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni chumvi ya ukoo mmoja na ile ya mezani. Chumvi hiyo haili chuma ikiwa kavu. Kazi yake ni kuvuta maji ya hewani, na maji hayo yenye chumvi ndiyo yanayoleta kutu. Kloridi ya potasiamu huanza kufyonza maji hadi kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapofika takriban asilimia 84. Ndiyo maana mtu anaweza kuiweka Mosin bila kuisafisha wakati wa kiangazi, akaitazama baada ya wiki mbili na kuona mtutu unang'aa, akajitapa kwamba habari za kutu ni uzushi, kisha mvua zikaanza.

Baruti nyeusi ni jambo jingine. Mchanganyiko wake wa kawaida ni shura (nitrati ya potasiamu) asilimia 75, makaa 15 na kiberiti 10, na inapoungua zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa masizi na chumvi ngumu badala ya kuwa gesi. Miongoni mwa chumvi hizo imo kabonati ya potasiamu, ambayo huanza kulowa hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 43 hivi, yaani katika chumba cha kawaida kabisa. Gobore haliwezi kusubiri kama Mosin inavyoweza kusubiri. Ndani yake pia kuna salfidi, ambazo ndizo zinazoyapa maji ya kwanza ya kuoshea ile harufu ya yai viza.

Sasa, chumvi hizi zote huyeyuka katika maji na haziyeyuki katika mafuta. Ukipitisha kitambaa chenye mafuta ya petroli juu ya chumvi, umeifunika tu. Dawa nyingi za dukani zilitengenezwa kwa ajili ya masalio ya baruti isiyo na moshi (ile ya bunduki za kisasa) na alama za shaba, kazi ambayo huifanya vizuri. Lakini ile isiyo na maji ndani yake haigusi chumvi hata kidogo. Kwa hiyo njia yako ya nne naitoa katika kinyang'anyiro kama njia ya kujitegemea. Itafaa baada ya maji, haifai badala ya maji.

Bi Shabaha

Naafiki maelezo ya Mdeki, na kwa Mosin natetea maji yanayochemka bila kusita. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa na Lee-Enfield walifundishwa kumimina maji yanayochemka kwa faneli kupitia chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, na sababu ilikuwa nyepesi: mtutu uliopata joto la kutosha hujikausha wenyewe. Unatoa bolti (chuma kinachoziba chemba kwa nyuma), unaegemeza bunduki mdomo ukiwa chini ndani ya ndoo, unamimina kiasi cha lita moja polepole hadi mtutu unashindwa kushikika kwa mkono mtupu, unapitisha kitambaa kikavu mara mbili au tatu, na mvuke uliobaki unajiendea. Baada ya hapo unapaka mafuta chuma kikiwa bado na joto.

Watu wengi huosha mtutu wakaisahau bolti. Uso wa bolti, tundu la pini ya kupigia fataki na ndani ya bolti yenyewe hupata gesi ileile. Bolti ya Mosin hufunguka bila chombo chochote, kwa hiyo hakuna kisingizio. Mwenye bunduki inayojipakia kwa nguvu ya gesi, kama SKS, ana kazi zaidi, kwa maana bomba la gesi na pistoni ni mahali pa kwanza kuliwa, hata pale ambapo mtutu umepakwa kromi ndani.

Fundi_Kitako

Bi Shabaha, kwa Mosin sina ugomvi nawe, kwa sababu mtutu wake uko wazi pande zote mbili na maji hupita moja kwa moja. Ugomvi wangu ni pale watu wanapouchukua utaratibu huohuo na kuupeleka kwenye gobore.

Mtutu wa gobore umezibwa nyuma kwa kizibo cha chuma, na njia pekee ya kutokea ni kile kitundu chembamba kinachopeleka moto kutoka kwenye kichuchu cha fataki. Maji yanayochemka yakiingia humo hayatoki kwa haraka. Chuma kinapata joto, maji yanageuka kuwa utando mwembamba sana ukutani, hewa inaingia, na kwa dakika chache tu kitambaa kinachofuata kinatoka na rangi ya machungwa. Kutu hiyo ya ghafla si chumvi iliyosahaulika; ni joto, maji na hewa vimekutana kwenye chuma kilichoachwa uchi. Mwenye gobore huiona, anadhani hajasafisha vya kutosha, anamimina tena maji ya moto, na mchezo unaanza upya.

Hoja kwamba maji ya moto huyeyusha zaidi ni ya kweli, ila haina uzito. Mililita 100 za maji ya nyuzi 20 huyeyusha gramu 34 hivi za kloridi ya potasiamu, na yakichemka huyeyusha takriban gramu 56. Kabonati huyeyuka zaidi ya gramu 100 katika kiasi hichohicho cha maji ya baridi. Mtutu wako hauna hata sehemu ndogo ya kiasi hicho. Joto halihitajiki kwa kuyeyusha. Linahitajika kwa kukausha, na kwa gobore kuna njia nyingine za kukausha.

Mimi hupendekeza maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo. Ziba kichuchu kwa kijiti, jaza mtutu, acha dakika chache, mwaga, kisha ng'oa kichuchu, chovya mwisho wa mtutu ndani ya ndoo na uvute maji juu na chini kwa mdeki (ufito wa kusafishia mtutu) wenye kitambaa kilichobana. Kitambaa cha kwanza hutoka cheusi kama lami, kinachofuata cha kijivu, na vile vya mwisho havina rangi. Malizia kwa maji safi, kwa sababu sabuni nayo ni masalio. Kausha hadi kitambaa kitoke kikavu kabisa, pamoja na kile cha kuingia pembeni mwa kizibo, na hapo ndipo mafuta yanapostahili kuingia.

Jambo lingine linahusu mti. Maji ya moto yakipenya kati ya mtutu na mti huinua nyuzi za mbao na kuharibu mng'ao wa mafuta ya kitani uliochukua vizazi kujengeka. Kwa Enfield ya 1853 unaweza kulegeza bendi tatu na kuutoa mtutu, lakini kila kutoa kunachosha skurubu na kingo za mti. Kwa kipande cha asili, si nakala ya kisasa, ningeutoa pale tu inapobidi. Na vile vitambaa vya kupakia mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa pembeni. Hujipasha joto vyenyewe hadi kuwaka moto. Vitandaze vikauke, au vitie ndani ya maji.

Mshindiliaji

Nitaongeza upande wa maganda, kwani Gumegume huenda siku moja akajaza risasi zake mwenyewe. Maganda ya shaba nyeupe yaliyopigwa kwa baruti nyeusi yatiwe ndani ya maji yenye sabuni palepale uwanjani, kabla hata ya kurudi nyumbani. Yakikaa na uchafu hubadilika rangi na kuchimbika, na hakuna kiasi cha kung'arisha kitakachoirudisha shaba iliyokwisha kuliwa.

Maganda ya zamani ya kijeshi yana mitego miwili. Wa kwanza ni fataki zenye zebaki: zebaki huingia ndani ya shaba na kuifanya iwe dhaifu na ya kukatika, tena bila alama inayoonekana kwa macho. Ganda la aina hiyo halijazwi tena, hata likiwa zuri namna gani. Wa pili ni muundo wa fataki uitwao Berdan, ambao una matundu mawili madogo chini na kijiti katikati, kwa hiyo pini ya kawaida ya kutolea fataki huvunjika. Ukimulika ndani na kuona matundu mawili, weka pembeni.

Nitasema pia lililosemwa mara nyingi: baruti isiyo na moshi haiingii ndani ya gobore kwa kipimo chochote, iwe kidogo iwe nusu. Ilizaliwa Ufaransa mwaka 1884, miongo mitatu baada ya muundo wako, na shinikizo lake hupanda kwa namna ambayo mitutu ile haikuundwa kuistahimili.

Gumegume

Nashukuru sana kwa maelezo haya. Yamebaki maswali mawili. Kwanza, wapo wanaotumia dawa ya kusafishia vioo yenye amonia wakidai kwamba amonia "huua" chumvi. Pili, hakuna aliyegusa maziwa ya mafuta.

Mdeki

Amonia haiui chumvi hiyo. Dawa ya vioo husaidia kwa sababu sehemu yake kubwa ni maji, basi. Ungetumia maji matupu ungepata matokeo yaleyale. Amonia ina kazi yake kwenye alama za shaba zilizoachwa na risasi zenye koti la shaba, lakini isiachwe mtutuni kwa muda mrefu, isidondokee mti, na isikaribie maganda, kwani hupasua shaba iliyo na mkazo.

Kuhusu maziwa ya mafuta, hapa ndipo ninapoona jibu la swali lako la awali. Mafuta kama Ballistol, yaliyotoka Ujerumani mwaka 1904, hukubali kuchanganyika na maji. Maji huyeyusha chumvi, kisha yanapokauka huacha utando mwembamba wa mafuta, kwa hiyo ile nafasi ya chuma kubaki uchi ambayo Fundi ameieleza hupungua. Sehemu moja ya mafuta kwa saba au kumi za maji hufaa kusafishia. Udhaifu wake ni kwamba utando huo ni mwembamba mno kwa kuhifadhia muda mrefu, na kwa gobore lililopigwa sana bado ningeanza na maji yenye sabuni kuondoa uchafu mzito.

Bi Shabaha

Mimi huyatumia maziwa hayo uwanjani, nikipitisha kitambaa kimoja kabla ya kuondoka. Nyumbani narudi kwenye birika. Kwa mtutu ulio wazi pande zote mbili sijaona sababu ya kuhama.

Fundi_Kitako

Basi Gumegume, ukitaka utaratibu mmoja, chukua maziwa ya mafuta kwa zote mbili, utanguliwe na maji ya uvuguvugu na sabuni kwa gobore. Ukikubali miwili, Mosin ipewe maji yanayochemka. Kwa kuhifadhi gobore, tumia mafuta yasiyo ya petroli au nta ndani ya mtutu, kwa sababu mafuta ya petroli yakikutana na baruti nyeusi siku ya kufyatua hugeuka utando mgumu unaonata. Kama umeyatumia, yafute yote kabla ya kushindilia.

Usiihifadhi yoyote ndani ya ala ya ngozi, ambayo hushika unyevu. Isimamishe mdomo ukiwa chini kwa siku chache za kwanza, ili mafuta ya ziada yasishuke kwenye mti karibu na mtambo. Mti uliolowa mafuta hulainika na mwishowe hupasuka pale unapopokea kishindo. Siku ya pili pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka safi, rudia baada ya wiki. Kikitoka na rangi ya kahawia, rudi kwenye maji.