Nimepiga sindano ya kuamsha homoni, mambo ndio yamelala kabisa. Nipige ya pili?

Mwana_Kisauni: Wadau salama? Nina miaka 31, mimi na mke wangu huu mwaka wa pili twatafuta mtoto. Nikaambiwa kuna sindano ya kuamsha homoni za kiume, nikapiga, wiki ya kwanza nilikuwa simba wallahi, sasa wiki ya tano natokwa na jasho kwa matatu kama mama wa miaka 50 na kule chini kimya. Niongeze ya pili?

Mama_Mahamri: Mwanangu mtoto ni riziki. Mimi nilikaa miaka 7, mama mkwe ashaenda kuposa mwengine Lamu, kurudi anikuta natapika 😂

Bachu01: Supu ya pweza. Uzi ufungwe.

Nesi_Likoni: Sindano gani? Soma boksi.

Mwana_Kisauni: Triptorelini, miligramu 3.75

Nesi_Likoni: Yakhe! Hiyo ni dozi ya mwezi mzima, hupewa wazee wenye saratani ya tezi dume ILI testosteroni ishuke. Ubongo hutoa homoni kama hiyo kwa vipindi, kama mtu apiga hodi kisha angoja, na pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, yafungua, yatoa LH na FSH, homoni za kuziamsha korodani. Hiyo yako yagonga mlango usiku na mchana. Mwanzo homoni hupanda, ndio huo usimba wako, kisha pituitari yaziba masikio. Lakini miaka 31 ulikuwa waamsha nini?

Mwana_Kisauni: Sawa basi, nilipiga testosteroni ya jimu miaka miwili. Si nyingi na jimu nzima wapiga. Nilipoacha wakanambia nisafishe na triptorelini ya 0.1, haikuwepo nikachukua kubwa, si dawa ni ile ile? Na ya pili nishalipa, iko kwa friji chini ya nguru, mke hajui.

Nesi_Likoni: Testosteroni ya nje ndio iliyozima LH na FSH tangu mwanzo, na bila hizo mbegu hupungua hata ziishe. USIPIGE. Kapime LH, FSH, testosteroni ya asubuhi na mbegu, umuone daktari wa homoni na boksi mkononi. Mbegu yenyewe kutengenezwa ni kama miezi miwili na nusu, kwa hivyo subira.

Kobe_Mkongwe: Ngojeni kwanza. Mwezi wa Ramadhani, huyu huyu si alifungua uzi atafuta mchumba?? Paukwa!

Bachu01: Pakawa 😂😂

Mwana_Kisauni: Ule ulikuwa wa mke wa pili.

Mama_Mahamri: WA PILI?? Na huyu wa kwanza amejua?

Nesi_Likoni: Sindano imetoka kwa friji?

Mwana_Kisauni: Nguru ndio ametoka, ashapikwa. Sindano mke aniuliza ni ya nini.